Herufi ya Mwisho

Mstari wenyewe ulikuwa mmoja, mwembamba kama uzi wa shuka:

2023-05-08T21:14:07Z kipoozaji kimezimwa

Bwana Gitonga aliusoma akiwa amesimama,
kidole chake kikiacha mafuta ya mandazi kwenye kioo changu.
"Ishirini na moja na kumi na nne. Saa tatu na robo usiku.
Nani alikuwa zamu?"

Kariobangi nzima inajua nani alikuwa zamu.
Kemunto, aliyeingia saa nane mchana akatoka saa nne usiku.
Dozi mia mbili na arobaini za surua zimekwenda na maji,
na barua ya kumsimamisha imeshachapwa.
Mimi, huku Ngara, ghorofa ya nne,
niliombwa nithibitishe tu.

Lakini mistari hii mimi huisoma kutoka nyuma,
kama mama alivyokagua kitambaa dukani: pindo kwanza.
Na kwenye pindo palikuwa na Z.

Herufi moja, kama kijiti kilichovunjwa mara mbili.
Maana yake: saa hii si ya hapa.
Seva zetu haziijui Nairobi;
zinafuata saa ya mji wa ukungu ambao sijaukanyaga,
na wewe ukiitaka saa yako, ongeza tatu mwenyewe.

Hesabu hizo si ngeni kwetu.
Ukutani ni tisa, mdomoni ni tatu,
wala hakuna mtoto aliyechelewa shule kwa sababu hiyo.
Kwa seva ni sita.
Tatu, sita, tisa, asubuhi ileile,
kama mtu mwenye jina la nyumbani, jina la kanisani
na lile la kitambulisho ambalo hata yeye hulisahau akiitwa benki.

Basi: ishirini na moja, ongeza tatu.
Ishirini na nne haipo. Inageuka sifuri, na tarehe inasogea.
Si Jumatatu tena,
ni usiku wa kuamkia Jumanne, saa sita na dakika kumi na nne,
na Kemunto ameshavua viatu zamani.

Nilipumua. Nilijiona hakimu mwema.
Kisha likaja swali ambalo Gitonga hakulifikia:
kama si yeye, saa sita usiku, nani?

Nikapanda mstari mmoja juu.

2023-05-08T21:14:00Z amri ya mbali: zima, sasisha, washa. mtumiaji: nzioki

Nzioki ni mimi.

Nilikuwa Umoja, kitandani, kompyuta juu ya magoti,
chai imeshika utando.
Nilituma toleo jipya, nikaona "imepokewa", nikalala.
Zima ilifika. Sekunde saba tu.
Washa nimeitafuta kurasa kumi na moja.
Nimekuta joto peke yake, kila dakika tano na muhuri wake,
nyuzi tano, nyuzi saba, nyuzi kumi,
likipanda ngazi bila viatu
nami nikikoroma.

Sasa ni saa tano. Ukutani kumi na moja, kwa seva nane.
Gitonga amekuja mara mbili kuuliza kama nimethibitisha.

Nimethibitisha.
Nimeandika kwa maneno, si kwa tarakimu,
ili asipatikane mtu wa kuongeza wala kupunguza:
saa sita na dakika kumi na nne, usiku wa kuamkia Jumanne,
mimi.

Halafu nikapiga simu zahanati, nikaomba kitu nilichopaswa kuomba mwanzo.
Wakanitumia picha ya daftari la mistari,
kalamu ya buluu, mwandiko ulioinama kidogo kulia:

*Saa nne kasorobo. Nyuzi nne. Nimeufunga mlango, nimeuvuta tena kuhakikisha. Kemunto.*

Lilikuwa mezani wiki nzima,
kikombe juu yake.